Kutoka Kiunoni Hadi Kidole Gumba

Mwenye maumivu haya utamtambua kabla hajasema neno. Akiingia sebuleni haendi kwenye kochi laini, anatafuta kiti kirefu na kigumu. Akikaa, hukalia tako moja, na mguu wa upande wa pili huunyoosha mbele. Akitaka kukohoa hushika meza kwanza. Kwenye foleni ya benki kiwiliwili chake kimeegemea upande, na mwenyewe hana habari kwamba ameegemea. Muulize panapouma: hatanyoosha kidole. Atapitisha kiganja kizima kuanzia takoni, nyuma ya paja, kando ya muundi, mpaka juu ya unyayo. Mgongo wenyewe pengine hatautaja kabisa.

Mstari huo anaouchora kwa kiganja ni ramani sahihi. Anauchora fundi cherehani asiyewahi kufungua kitabu cha tiba, anauchora dereva wa lori la Tunduma, anauchora mhadhiri wa chuo, na wote hufuata njia ileile, maana chini ya ngozi zao kuna mshipa wa fahamu unaopita papo hapo. Nataka tuufuate mshipa huo polepole. Nimeona wagonjwa wengi wa siatiki katika ukoo wetu na mtaani kwetu, na aliyeijua njia ya mshipa wake aliogopa kidogo kuliko asiyeijua. Katika ugonjwa huu woga una uzito wake, nao hubebwa na mgongo uleule unaouma.

Siatiki, jina la mshipa na la ugonjwa wake, ndio mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini. Mahali unapoanzia unaweza kufikia upana wa kidole gumba. Hutengenezwa na mizizi mitano: miwili inatoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno, ya nne na ya tano, na mitatu inatoka kwenye mfupa mpana ulio chini yake, ule ulioshikana na nyonga. Mizizi hiyo hukutana ndani ya nyonga, hutokea kwenye tundu kubwa la mfupa, hupita chini ya msuli mdogo wa takoni unaogeuza paja kwa nje, kisha huteremka nyuma ya paja. Ikikaribia goti, njia hugawanyika. Tawi moja hushuka kwenye shavu la mguu mpaka chini ya unyayo. La pili huzunguka nje ya goti, likaenda mbele ya muundi na juu ya wayo. Kwa njia hiyo ubongo hupata habari za mchanga wa moto chini ya mguu, na kwa njia hiyohiyo huuamrisha mguu ukanyage, uruke, usimame kwa ncha za vidole.

Habari zote hizo, za kupanda na za kushuka, hupita kwenye mizizi, na mizizi hupenya kwenye matundu membamba kando ya uti wa mgongo. Ikiguswa pale juu, ubongo hausikii kiuno, unasikia mguu. Tangu utotoni umezoea kwamba ujumbe unaofika kwa uzi ule umetoka mguuni, basi hata uzi ukishtuliwa katikati ya safari, ubongo unaamini ni mguu unaoungua. Ndiyo sababu watu husugua muundi kwa dawa ya kuchua, wakafunga goti kwa bendeji, wakabadili viatu, na maumivu yasipungue. Si wajinga. Wanatibu mahali mwili ulipowaelekeza.

Tena mwili hueleza kwa usahihi wa ajabu. Ukisumbuka mzizi wa pingili ya tano ya kiuno, moto hupita nje ya muundi, ukaja juu ya wayo mpaka kidole gumba, na mgonjwa hushindwa kukinyanyua kidole hicho. Ukisumbuka mzizi ulio chini yake, moto hupita nyuma ya shavu la mguu ukashukia kisigino na kidole kidogo, na akiambiwa asimame kwa ncha za vidole kisigino kinagoma kunyanyuka. Daktari aliye makini, akiwa na nyundo yake ndogo ya mpira, anaweza kutaja pingili yenye tatizo kabla ya picha yoyote kupigwa. Nathamini sana uwezo huo, hasa katika wilaya ambazo mashine ya MRI iko safari ya siku nzima kwa basi.

Ilichukua muda mrefu kuifahamu njia hii. Mwaka 1764, katika mji wa Naples, daktari Domenico Cotugno alitoa kitabu kilichotenganisha maumivu ya kiungo cha nyonga na yale ya mshipa wa fahamu. Kabla yake hayo mawili yalitiwa kapu moja. Mwaka 1880 Lazar Lazarević wa Belgrade alieleza kipimo kinachotumika mpaka leo katika zahanati yoyote yenye kitanda: mgonjwa alale chali, mguu wake uinuliwe ukiwa umenyooka. Mguu ukipanda, mshipa unavutika, na kama mzizi umeguswa maumivu huchomoka mpaka chini ya goti. Kipimo hicho kimeshika jina la Lasègue wa Ufaransa, ambaye mwanafunzi wake alikieleza mwaka mmoja baadaye. Lakini Lazarević alikuwa pia mwandishi wa hadithi fupi, wa kuheshimiwa sana kwao Serbia, na sishangai. Kipimo chake ni kazi ya mtu aliyezoea kutazama watu wanavyokunja uso.

Chanzo chenyewe kilithibitishwa mwaka 1934. Huko Boston, William Mixter, daktari wa upasuaji, na Joseph Barr, daktari wa mifupa, walichapisha habari za wagonjwa waliokutwa na kipande cha diski kikiugandamiza mzizi. Diski ni kile kitu kilichokaa baina ya pingili na pingili. Nje ina pete ya nyuzi ngumu, ndani ina ute mzito. Pete ikichanika, ute hujipenyeza nje, na upande wa nyuma ndipo mizizi ilipo. Zipo sababu nyingine: kwa wazee mfereji wa uti wa mgongo hupungua upana, na hao utawaona wakipata nafuu wanapoinama mbele au kusukuma baiskeli, wapo wanaobanwa na ule msuli mdogo wa takoni, wapo wajawazito. Ila kwa mtu wa makamo aliyeamka asubuhi mguu ukiwaka moto, diski ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Mzizi haudhuriki kwa kugandamizwa tu. Ule ute umeishi ndani ya pete bila kukutana na damu, kwa hiyo ukitoka nje mwili hauutambui. Unauona ni mgeni, unauchachamalia, na uvimbe unaozuka hapo ndio unaouchoma mzizi vikali katika majuma ya mwanzo. Lakini askari walewale wa mwili walioleta uvimbe ndio wanaokuja kuula ute huo. Kipande kilichotoka huanza kunywea. Madaktari waliokusanya tafiti nyingi na kutoa majumuisho yao mwaka 2015 walikuta kwamba vipande vilivyokatika kabisa na kuachana na diski vilinywea kwa asilimia 96 ya wagonjwa, na diski zilizotuna tu bila kupasuka zilirudi kwa asilimia 13 peke yake. Soma tena takwimu hizo. Picha inayotisha zaidi ndiyo yenye tumaini zaidi, kwa sababu kipande kilichotoka nje kabisa ndicho mwili unachokifikia.

Kwa hiyo maneno anayoambiwa mgonjwa siku ya picha ni sehemu ya matibabu, au ni sehemu ya ugonjwa. Katika miji yetu kuna msamiati mzima: pingili zimesagika, mifupa inasagana, ute umekauka, mgongo umeisha. Shangazi yangu, fundi cherehani wa Tanga, alitoka na sentensi hiyo ya mwisho kutoka chumba cha daktari mmoja. Mgongo umeisha. Alifika nyumbani akaifunika cherehani kwa kanga. Akaacha kwenda sokoni. Akaacha kukalia mbuzi ya kukunia nazi, akaacha kumbeba mjukuu, akalala chali akitazama dari, akitembea kwenda chooni kwa kushika kuta. Misuli ya mgongo ikalegea kwa kukosa kazi, na kila alipojaribu kuinuka ilimuuma zaidi, naye akachukua maumivu hayo kuwa ushahidi kwamba kweli umeisha.

Aliyembadilisha alikuwa binti wa fiziotherapia, mdogo kuliko wanawe. Niliwasikiliza wakizungumza.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuutazama mgongo ulioisha?”

Yule binti aliishika picha, akaielekeza dirishani, akakaa nayo kitambo. “Mama, mgongo huu nauona wote. Diski moja imetoka kidogo, hii hapa, inaugusa mshipa. Mwili umeshaanza kuila. Hebu inuka, twende mpaka mlangoni.”

“Nikivunjika?”

“Hutavunjika. Utaumia, na kuumia si kuvunjika.”

Walikwenda mpaka mlangoni. Siku nyingine wakafika kwenye mwembe. Siwezi kusema mazungumzo hayo yalimponya, kwa sababu mwili wake ulikuwa na kazi yake unayoifanya chini kwa chini. Yalichofanya ni kumrudishia ruhusa ya kutumia mgongo alionao.

Na yule binti alikuwa anasema kweli inayojulikana kwa wataalamu tangu zamani. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ambao walipigwa picha za MRI. Asilimia 52 walikuwa na diski angalau moja iliyotuna, na asilimia 27 diski iliyochomoza hasa. Watu hao walikuwa wakilala vizuri, wakifunga kamba za viatu na kubeba watoto. Picha inaonyesha umri na maisha ya mgongo, haionyeshi maumivu. Inapokubaliana na mstari wa kiganja na kipimo cha kuinua mguu, hapo ina maana kubwa. Ikiwa peke yake, si haki kumsomea mtu kama hukumu.

Tumeyajua maumivu haya kabla ya mashine zote hizo, na vitabu vitukufu vimeyapa nafasi. Katika Mwanzo, sura ya 32, Yakobo anapigana mweleka usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki, anaguswa uvungu wa paja, na jua linamkuta akichechemea, ana jina jipya na baraka. Ndiyo sababu Wayahudi hawali mshipa wa paja la mnyama, na mshipa huo ndio siatiki. Wafasiri wa Qurani nao, wanapofika kwenye aya ya 93 ya Surat Aal Imran, husimulia kwamba Nabii Yaakub aliugua irqu nnasaa, yaani siatiki, akaweka nadhiri kuwa akipona ataacha chakula akipendacho zaidi, nyama ya ngamia na maziwa yake. Katika mkusanyiko wa Ibn Majah imo hadithi ya dawa: mafuta ya mkia wa kondoo wa jangwani, yayeyushwe, yagawanywe mafungu matatu, yanywewe kila asubuhi kabla ya kula. Ibn al-Qayyim, alipoifafanua, alisema maelekezo hayo yanawahusu watu wa Hijazi na majirani zao, kwa hali ya nchi yao na chakula chao. Naiheshimu tahadhari hiyo ya mwanachuoni, kuangalia mgonjwa ni nani na anaishi wapi kabla ya kumpa dawa ya mwingine.

Ninachokichukua mimi kwenye masimulizi hayo ni kwamba mtume wa Mungu alichechemea na haikuwa aibu. Kwetu mtu anayelalamika mguu usio na kidonda wala uvimbe huambiwa mvivu. Mke huambiwa anakwepa kazi za ukweni. Kijana mwenye kifua kipana huambiwa anajidekeza, au huangaliwa kwa jicho la nani amemtupia nini. Mgonjwa asiyeaminiwa hulazimika kuigiza maumivu ili yaonekane, na mwili unaoigiza hukakamaa.

Kuhusu kulala kitandani, ushauri umebadilika na si kila mtu amepata habari. Zamani mgonjwa aliamriwa alale majuma mawili juu ya godoro gumu au sakafuni. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walitoa majibu ya wagonjwa 183 wa siatiki, nusu wakiwa wameamriwa kulala, nusu wakiachwa waendelee na shughuli kadiri walivyoweza. Baada ya majuma 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Siku mbili tatu za kujilaza maumivu yanapokuwa makali, sawa, mtu ni mtu. Baada ya hapo tembea: mara nyingi kwa siku, mwendo mfupi, kwenye njia tambarare, na rudi kabla hujachoka.

Kuna dalili moja ambayo kila mgonjwa anapaswa kuijua. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani alale kifudifudi, bila kujua kwamba upande wa kichwa wa kitanda ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Yule mtu alilala hivyo, mgongo umepinda kinyumenyume, na McKenzie aliporudi kwa hofu aliambiwa kwamba mguu haujapata nafuu kama ile kwa majuma. Maumivu yalikuwa yameuhama mguu, yamebaki kiunoni. Tangu hapo wataalamu wanatazama maumivu yanaelekea wapi. Yakipanda kutoka wayoni kwenda gotini, kutoka gotini kwenda takoni, ni heri, hata kama kiuno kinauma zaidi kuliko jana. Zoezi linaloyasukuma yashuke chini zaidi ya goti liachwe siku hiyo. Kwa wengine kujikunja nyuma ndiko kunakofaa, kwa wengine kuinama, hasa wale wazee wa mfereji mwembamba. Mguu ndio mwamuzi.

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa watu wa viti na meza. Maisha yetu yako chini: kigoda, mbuzi, mkeka, beseni, jiko la mkaa, choo cha kuchuchumaa, ufagio wa chelewa unaomkunja mtu mara mbili. Huko ndiko diski inakochokozwa kila siku. Basi mbuzi iwekwe juu ya benchi na mkunaji asimame au akae juu. Beseni la kufulia lipande juu ya meza. Ufagio upewe mpini mrefu. Hilo ni jambo la mti na kamba tu, na sielewi kwa nini bado tunaliona la kifahari. Maji yabebwe katika ndoo mbili ndogo, mkono huu na mkono huu, badala ya moja kubwa upande mmoja. Chooni pawe na kiti kilichotobolewa. Anayeswali akae kwenye kiti akishindwa rukuu na sujudu, maana sheria imempa nafasi hiyo kwa uwazi, na asijilazimishe kwa haya ya safu. Usiku alale ubavu, mto katikati ya magoti. Kuamka, ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Asikurupuke kwa kunyanyua kifua. Kwenye daladala akwepe kiti cha nyuma kabisa, kile kinachorusha abiria kwenye kila tuta. Dereva wa safari ndefu ashuke kwenye vituo vya mizani atembee kuzunguka gari lake.

Dawa ni suala la tahadhari. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa, na watu hula kwa miezi bila cheti. Hupunguza maumivu kwa siku chache, lakini kwa muda mrefu huchimba vidonda tumboni, huumiza figo na kupandisha presha. Pregabalini, inayoandikwa sana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa wa siatiki, na mwaka 2017 ikaonekana haikushinda kidonge kisicho na dawa, ila ilileta kizunguzungu zaidi.

Halafu kuna sindano ya takoni. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika habari hii. Siatiki hupita takoni, upande wa ndani na chini, na sindano inayochomwa hapo vibaya humwaga dawa kando ya mshipa au ndani yake. Mgonjwa husikia moto ukikimbia mpaka unyayoni papo hapo, na baadaye wayo huning'inia. Nchini Uganda madaktari wa mifupa wameandika kuhusu watoto wengi waliolemaa mguu hivyo, wengi wao wakiwa wamechomwa kwinini kwa sababu ya malaria. Mtoto alipelekwa akiwa na homa, homa ikapona, akabaki na mguu wa kuburuta. Kwa mtoto mdogo mahali salama ni mbele ya paja kwa upande wa nje. Kwa mtu mzima, kama ni lazima takoni, ni robo ya juu ya upande wa nje. Mzazi ana haki ya kumuuliza mchomaji, kwa adabu, atachoma wapi. Na mtu mwenye siatiki asichomwe ovyo upande uleule unaomuuma kwa kuwa eti dawa ifike karibu.

Zipo hali ambazo kutembea hadi kwenye mwembe si jibu. Ganzi ikishika sehemu za siri na pale panapokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila taarifa, choo kikipotea udhibiti, miguu yote miwili ikilegea, hiyo ni dharura ya siku ileile. Kifungu cha mishipa kilicho mwisho wa uti kinabanwa, na upasuaji ukichelewa kupita saa 48 mtu anaweza kubaki na ulemavu huo maisha yake yote. Watu huona haya kutaja mkojo na sehemu za siri mbele ya wakwe na watoto, na haya hiyo inagharimu. Wayo unaozidi kulegea siku kwa siku nao usisubiri. Na katika nchi zetu, maumivu ya mgongo yanayokwenda na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yachunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika kwa dawa kikiwahiwa na huvunja pingili kikiachwa. Aliyewahi kuugua saratani naye aseme mapema.

Upasuaji wa kawaida una hesabu yake. Mwaka 2007 Waholanzi walifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya majuma 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu kusubiri, na asilimia 39 ya waliosubiri walikuja kupasuliwa baadaye. Mwisho wa mwaka asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi. Kisu, basi, kinanunua muda. Kwa mstaafu mwenye watoto wa kumsaidia, muda unaweza kungojwa. Kwa dereva anayelipwa kwa safari, ambaye kila juma la kitandani ni ada ya shule iliyokosekana, muda huo ni chakula, na daktari anayempima ampime pamoja na hayo.

Maana kila ushauri niliouandika unadhani mgonjwa anaweza kupunguza kazi. Mpagazi wa soko la Kariakoo hawezi. Mzigo unamsubiri juu ya lori, na akisema leo mguu unawaka, yupo kijana nyuma yake asiyewaka. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe mara kwa mara zaidi ya kilo 55. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaruhusu gunia la mazao hadi kilo 100, na lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, hupita hapo. Kila mwaka tunapigia kelele lumbesa kwa sababu inampunja mkulima, na ni kelele ya haki. Ila sijasikia anayetaja mgongo wa anayelishusha. Kenya imeshaweka kwenye kanuni zake za viazi za mwaka 2019 gunia lisilozidi kilo 50. Tufanye hivyo kwa mazao yote, viazi, vitunguu, mahindi na mkaa. Wakaguzi wa vipimo wakamate gunia linalozidi pale pale linapopakiwa shambani. Na mpagazi atakayelikataa asipoteze kibarua chake.